Riyadha: msikiti au chuo, kipi kilitangulia?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mjukuu wangu, anayesoma chuo kikuu Mombasa, ameniuliza iwapo Riyadha ya hapa kwetu Lamu ilijengwa iwe msikiti kisha chuo kikaongezwa, au ni kinyume chake. Nilikosa jibu la kumtosheleza. Naomba unisaidie.
Bibi wa Langoni

JIBU: Wa alaykum salaam, Bibi. Kilichotangulia ni darasa. Habib Swaleh bin Alawi Jamalullail, mwenye asili ya Ngazija katika visiwa vya Komoro, alianza kusomesha huko huko Langoni katika kibanda cha udongo kilichoezekwa makuti, na waliomzunguka walikuwa hasa wale ambao milango ya elimu ya juu ya dini ilikuwa haijawafungukia: waliowahi kuwa watumwa pamoja na watoto wao, Wangazija na Wabajuni. Jambo hilo halikuwapendeza wakubwa wote wa mji, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote katika historia ya mahali hapa. Jengo la mawe, yaani msikiti wenyewe, lilisimama karibu na mwaka 1900, baada ya wanafunzi kuwa wengi. Jina lilitokana na msikiti wa Riyadh wa Seiyun, Hadhramaut (Yemen), wa Habib Ali al-Habshi, ambaye Maulidi aliyoyatunga ndiyo yanayosomwa Riyadha kila Mfungo Sita (Rabiul Awwal).

Mjukuu akitaka ushahidi, asiishie kwenye kuta; atazame na vitabu. Riyadha imehifadhi vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo vilipigwa picha ukurasa baada ya ukurasa ili vihifadhiwe kwa kompyuta. Baadhi yake vina maandishi ya waliovitoa, yakieleza kuwa kitabu ni wakfu kwa wanafunzi wa hapo. Mtu haweki wakfu wa namna hiyo mahali pasiposomwa. Tena wewe Bibi wajua kuwa wazee wetu walikiita kitabu chenyewe "chuo", ndipo tukapata neno mwanachuoni.

Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930 na kizazi chake kikaendeleza darsa, ambazo hadi leo huwavuta vijana kutoka nje ya Lamu, wengine wakilala papo hapo. Mjukuu akirudi likizo, mwambie aende akaketi mkekani pamoja nao, amwombe mwalimu ruhusa ya kuvitazama vitabu hivyo.