Muulize Fundi wa Gesi: Geji ya jioni na geji ya asubuhi

Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa teksi mtandao, nina IST niliyoifunga mfumo wa gesi mwaka juzi. Napanga foleni saa mbili nzima, najaziwa mpaka geji inasoma 200, naondoka roho kwatu. Asubuhi nikiwasha gari, 180. Na sijaenda popote! Naibiwa? Halafu nasikia huko Ujerumani mliko magari ya haidrojeni yanajazwa mpaka 700 kwa dakika tano tu. Geji zao hazishuki?
Dereva wa Kimara, Dar es Salaam

Marahaba, ndugu yangu. Huibiwi. Pampu imekuuzia kilo, na kilo ulizolipia zimelala salama mtungini. Kilichoondoka usiku ni joto.

Umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono? Shika ile pampu kwa chini, pale mpira unapoanzia, baada ya kupiga mara thelathini. Inaunguza. Mtungi wako nao ni hivyo hivyo: gesi iliyotangulia kuingia inabanwa na inayoifuata, na gesi ikibanwa haraka hupata moto kabla chuma hakijaweza kuupoza. Gesi ya moto inasukuma kwa nguvu, geji inafika 200 mapema, pampu inasimama. Ukifika Kimara, ukalala, mtungi umepoa na presha imeshuka. Ungejaziwa polepole ungeondoka na gesi zaidi, lakini nani atakuvumilia kwenye foleni ile?

Sasa chukua shida hiyohiyo uipeleke kwenye haidrojeni. Toyota Mirai ya sasa hubeba kilo 5.6 hivi, kwa presha ya baa 700 (baa ndicho kipimo cha presha, ndizo hizo 200 za geji yako). Mitungi yake si chuma: ndani ni plastiki, nje imezungushiwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi. Kikomo chake ni digrii 85. Ukiisukuma haidrojeni isiyopozwa kwa dakika tano, digrii 85 utazipita kabla hujajaza, na plastiki na gundi havipendi mzaha huo. Tena haidrojeni ina kiburi chake. Mtungi wa kupikia ukiufungulia gesi kwa nguvu, vali inapata baridi mpaka inatoa jasho. Haidrojeni kwenye joto letu la kawaida ikipenya vali kutoka presha kubwa kwenda ndogo hupata moto kidogo, badala ya kupoa. Joto hilo ni dogo likilinganishwa na lile la kubanwa, ila linaongeza chumvi kwenye kidonda.

Dawa yao ni baridi. Kabla haidrojeni haijafika kwenye mpira wa pampu inapitishwa kwenye kipozeo hadi kati ya digrii 33 na 40 chini ya sifuri. Friza ya samaki pale Feri ikifika 18 chini ya sifuri muuzaji anaringa. Mtu akiniuliza kituo cha haidrojeni ni kitu gani, huwa namwambia ni kiwanda cha barafu kilichofungwa bomba la gesi. Umeme mwingi unaliwa hapo, na pia fedha za fundi.

Baridi peke yake haitoshi. Lazima pampu ijue mwendo. Wahandisi wa Marekani waliandika utaratibu unaoitwa SAE J2601, ukawa kanuni kamili mwaka 2014, na vituo vingi duniani vinaufuata. Pampu inapima joto la hewa ya nje na presha iliyobaki mtungini, kisha inachagua presha ipande kwa kasi gani. Kwa magari madogo haivuki gramu 60 kwa sekunde. Gari nalo linaongea: kwenye nozeli kuna mwanga usioonekana, kama wa rimoti ya televisheni, unaoiambia pampu ujazo wa mitungi, presha yake na joto lake. Gari likisema “basi”, pampu inasimama.

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako. Pampu hiyo haishibishi geji, inashibisha mtungi. Mtungi umejaa ukiwa na gramu 40 hivi za haidrojeni kwa kila lita, ambazo zikipoa mpaka digrii 15 zinasoma baa 700. Ukiwa bado wa moto, presha inaruhusiwa kupanda hadi 875. Kwa hiyo geji zao nazo hushuka usiku, ila kushuka huko kumeshapigiwa hesabu.

Mimi mwenyewe nashinda na mabasi, kwenye karakana moja karibu na Köln, hapa Ujerumani. Mabasi yetu yanatumia baa 350 na mitungi iko juu ya paa, kwa sababu gesi hii ni nyepesi kuliko hewa mara 14. Ikivuja inapaa zake. Dereva mpya alipokuja mara ya kwanza kujaza, alichomeka nozeli, akasikia “tsss” fupi, kisha kimya. Akasubiri, kimya. Akajua mashine imekufa, akabonyeza kile kitufe chekundu cha dharura. Karakana nzima ikazima, na mimi nikaacha chai yangu. Kumbe ule ukimya ndio kazi yenyewe: pampu hutuma pumzi moja ya gesi, hufunga, kisha husikiliza kama presha inashuka. Ikishuka, kuna uvujaji, haijazi. Siku hizi nawaambia madereva wapya wahesabu mpaka sitini kabla hawajagusa chochote.

Fundi, habari za siku? Mimi ni muuguzi, naishi Ujerumani. Mume wangu kanunua gari la haidrojeni la mtumba kwa bei ya kutupa. Wiki iliyopita nimemaliza kujaza, nozeli ikakataa kutoka. Nimevuta mpaka bega linauma. Nifanyeje siku nyingine?
Mama Salma

Salama, dada. Bei ya kutupa ina sababu zake, tuyaache hayo. Nozeli yako imegandana na gari. Gesi ya digrii 40 chini ya sifuri ikipita, chuma kinapoa vibaya sana, unyevu wa hewani unakuwa barafu kwenye maungio, na barafu ni gundi. Ndiyo maana mvua ya Novemba inasumbua kuliko baridi kavu ya Januari, na mtu aliyejaza mbele yako muda mfupi uliopita anakuachia nozeli iliyokwisha kupoa.

Usivute. Usigonge, usimwagie maji ya moto. Maji hayo yatakuwa barafu ya mteja anayefuata. Rudi ukae garini dakika chache, itajiachia yenyewe. Vaa glavu, maana ngozi tupu inaungua kwa baridi sawasawa na kwa moto. Vituo vingine vinapuliza naitrojeni kavu kwenye nozeli ili unyevu usipate pa kukaa. Ukikipata cha namna hiyo, kiwe chako.

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Kisumu. Nimetengeneza haidrojeni kwa maji na betri. Nataka kuijaza kwenye mtungi wa zamani wa gesi asilia niendeshe jenereta. Unanishauri vipi?
Mwanafunzi

Usifanye hivyo. Haidrojeni hupenya ndani ya baadhi ya vyuma na kuvifanya vivunjike kama biskuti, na mtungi wa zamani ambao hujui historia yake ni wa kuogopa hata kwa gesi yake. Ukivuja, hewa yenye haidrojeni asilimia 4 mpaka 75 inawaka, na cheche ya sweta yako inatosha. Mwali wake mchana karibu hauonekani. Wazee wa kazi kwenye vituo vya roketi walikuwa wanatanguliza ufagio mbele. Ukishika moto, wanajua mwali uko wapi.

Na usidhani hatari ni ya wanafunzi tu. Tarehe 10 Juni 2019 kituo cha haidrojeni kililipuka Sandvika, karibu na Oslo, Norwei. Mlipuko ulifyatua mifuko ya hewa ya gari lililokuwa karibu, na waliokuwa ndani wakaumia. Uchunguzi ulikuta kizibo cha tangi moja hakikukazwa bolti zake sawasawa. Kituo kile kilijengwa na watu wenye vyeti vyao.

Gesi uliyoitengeneza iache itoke dirishani, uitengeneze kidogokidogo na kuitumia papo hapo kwenye maonyesho yako, bila kuibana. Mtungi wa zamani mrudishie aliyekupa, na umwonyeshe tarehe ya ukaguzi iliyogongwa shingoni.