Kwa wageni wa mipango ya usafiri: kabla hamjachora gari lisilo na dereva

Slaidi ileile imerudi kikaoni: gari jeupe lisilo na usukani, barabara imenyooka, miti pembeni, chini imeandikwa Dar es Salaam. Hakuna bodaboda hata moja. Wadogo zangu, mnanichosha, ila nawapenda, ndiyo maana naandika.

1. Tajeni kiwango cha gari kujiendesha. Viko 0 hadi 5. Kwenye cha 2 dereva bado anabeba msala. Cha 4 gari linajiendesha lenyewe, lakini ndani ya eneo lililopangwa tu. Waymo, kampuni ya Marekani ya teksi zinazojiendesha, walipowafungulia wananchi huduma isiyo na dereva mwaka 2020, walianzia eneo la Phoenix, jangwani, kwenye barabara pana na mvua ya kubahatisha. Kariakoo tuiache kwanza.

2. Hesabuni waenda kwa miguu. Fomu zenu zina safu ya daladala, bajaji, hadi mkokoteni, halafu anayevuka hana pake. Mwaka 2018 kule Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku akikokota baiskeli. Vihisi vilimnasa sekunde 5.6 kabla. Mfumo ukabaki unabadili jibu: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Wachunguzi walikuta haukuundwa kumtarajia mtu anayevuka pasipo na kivuko. Nendeni Mbagala Rangi Tatu jioni mkatafute anayevuka penye kivuko.

3. Andikeni mkono wa trafiki. Hapa nina kidonda. Tulipewa kazi ya kupanga upya mataa ya makutano fulani. Tukapeleka vijana na fomu, wakahesabu magari saa za foleni, asubuhi na jioni. Sekunde za taa tukazitoa kwenye kabati la mitambo, tukaingiza kila kitu kwenye modeli ya kompyuta inayokadiria foleni. Ikatoka foleni fupi ya kupendeza. Barabarani foleni ilikuwa haina mkia. Wakubwa wakauliza, sisi tukalaumu daladala zinazochomekea na wenye magari binafsi wanaotanua. Kumbe jibu tulikuwa nalo kwenye fomu. Kijana mmoja alikuwa akiandika pembeni kwa penseli: "trafiki kashika upande wa mjini", "bado kashika", "kaachia". Mimi ndiye niliyekagua zile fomu, na maandishi yale niliyaona uchafu, nikaamuru yasiingizwe kwenye kompyuta. Taa zilikuwa zinawaka kijani na nyekundu kwa ajili ya mapambo. Mwenye makutano alikuwa afande mwenye filimbi. Alipoitwa kikaoni akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Hizo sekunde zenu, mlimuuliza nani?" Hakuna aliyejibu. Tulirudia kazi yote kwa gharama zetu.

Sasa leteni hapo gari linaloamini taa. Kijani inaliambia nenda, kiganja kinaliambia simama, na nyuma yake konda anagonga bodi. Yapo magari yaliyofundishwa kusoma mikono ya askari, lakini wa kwetu huamuru hata kwa kidevu. Kwa hiyo kila mkienda makutanoni, rekodini nani ameamua: taa au mtu, kuanzia saa ngapi, na kwa nini. Mara nyingi sababu ipo: upande mmoja umefurika hadi makutano ya pili, taa haina habari, afande anaona. Mji ukitaka taa ziheshimiwe na mashine, uzipe kwanza macho ya kuona foleni, kisha ukae na polisi mkubaliane lini mkono unaingia.

4. Rangi na mitaro. Mistari ipakwe, mitaro izibuliwe. Bonde la Jangwani hapa Dar likijaa maji, hata basi la mwendokasi lenye dereva halisogei.

5. Sheria. Someni Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 huku mkijiuliza kwenye kila kifungu kinachomtaja dereva: hapa trafiki atamwandikia nani faini? California yenyewe, magari yakiwa tayari yanazunguka mitaani, ilibidi mwaka 2024 itunge sheria ya kuwawezesha polisi kuipa kampuni notisi pale gari lisilo na mtu linapokosea. Orodha ya vifungu naitaka kabla ya slaidi yoyote. Na kwenye slaidi, mtie bodaboda.