Utabiri kwenye fanfiki: muangalie kwanza aliyeusema

Watu wakikutana na utabiri kwenye fanfiki, yaani stori ambazo mashabiki wanaziandika kwa kutumia ulimwengu na wahusika wa kazi ya mtu mwingine, hasa zile za sai-fai (sayansi ya kubuni) zilizochanganywa na uchawi, kitu cha kwanza ni kurukia mafumbo. Mtoto asiye na kivuli ni nani, jua la tatu ni lipi, mlango wa chuma uko sayari gani, yaani chapta haijaisha thiori zimeshajaa kila kona. Mi hizi stori nazisoma na kuziandika miaka mingi sasa na nakwambia huko ni kuanzia mwisho. Kabla ya maneno uangalie mdomo ulioyatoa. Nani kasema, alikuwa anamwambia nani, na huyu anayetusimulia sisi kayapata wapi.

Maana utabiri ndani ya stori ni maneno ya mhusika, na mhusika ana tamaa zake, ana hofu zake, ana mabosi wake. Chukua Dune, riwaya ya mwaka 1965. Kuna lile shirika la kina mama, Bene Gesserit, wana kitengo kizima kazi yake ni kupanda hadithi na unabii kwenye sayari za watu, ili siku mwenzao akikwama huko akute wenyeji wameshaandaliwa kumpokea na kumlinda. Sasa we unasoma fanfiki ya ulimwengu ule, unakazana kuchambua kila neno la unabii wa Fremen, wenyeji wa ile sayari ya jangwa, na umesahau kuna watu waliupanda makusudi, si utazunguka mpaka uchoke. Ila utamu wenyewe ni kwamba unabii uliopandwa hivyo bado una nguvu, watu wameuamini na wanatembea kuelekea kule uliposema, kwa hiyo mi swali la kama ni wa kweli au wa uongo huwa nalipa dakika mbili tu, muda uliobaki nauliza ukiaminiwa nani anafaidika.

Star Wars nako hivyo hivyo. Kwenye filamu ya 1999 Jedi, wale wapiganaji wa upande wa wema, wanamuongelea mteule atakayeleta mizani kwenye Force, ile nguvu isiyoonekana wanayoitumia, na hakuna anayekaa chini kueleza mizani ni kitu gani. Wao wanachukulia kwamba ni maadui zao, Sith, kuisha, na ukiangalia ndicho wanachokitaka siku zote! Mpaka filamu ya 2005 ndio Yoda, mzee wa Jedi, anasema huenda utabiri wenyewe ulisomwa vibaya. Fanfiki kibao zimejengwa juu ya huo mwanya, wengine wanahesabu pande mbili zibaki sawa kwa idadi, wengine wanafuta makundi yote mawili. Zinazonishika mimi ni zile ambazo mwandishi kajua tafsiri ya mizani inatoka kwa nani na huyo mtu anaogopa nini.

Afu kuna njia ambayo utabiri unapitia mpaka utufikie. Kwenye stori yangu moja utabiri uko kwenye kumbukumbu ya roboti mzee wa hekaluni, na niliandika wazi kabisa kwamba sauti inakatika: mwana wa mhunzi atauzima moto wa... halafu mkwaruzo. Moto wa nini? Karibu wasomaji wote wakamalizia wenyewe, moto wa himaya, kwa sababu walikuwa wanampenda yule kijana na wanataka aiangushe himaya. Msomaji mmoja tu ndiye aliyeuliza ile sehemu kaifuta nani, na kwa swali hilo moja alishaimaliza stori maana waliofuta ni makuhani, na moto uliotajwa ulikuwa wa madhabahu yao. Kwa hiyo utabiri ukiwa umenukuliwa, umetafsiriwa, umechongwa kwenye jiwe lililovunjika, umetoka kwenye rekodi mbovu, usiuchukulie kama umeusikia mzima mzima.

Hapo ndio unarudi kwenye maneno sasa, na ukirudi angalia yale madogo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba Wagiriki wa Athens walipokuwa wanasubiri kuvamiwa na Uajemi, kabla ya ile vita ya mwaka 480 KK, waliambiwa na hekalu la Delphi kwamba ukuta wa mbao ndio hautatekwa. Wengine wakaelewa ni boma la mbao pale Acropolis, kilima chenye mahekalu yao, wengine wakasema hapana hizo ni meli. Tatizo mwishoni utabiri ulitaja kisiwa cha Salamis, kwamba itaangamiza watoto wa wanawake, na wafasiri wakaona ndio basi tukipigana baharini tumekwisha. Themistocles, kiongozi wao mmoja, akang'ang'ania neno moja. Utabiri umeiita Salamis takatifu, akasema kama wa kufa pale ni sisi ingeitwa katili. Wakapigana na meli zao wakashinda, na waliojifungia Acropolis na mbao zao wakauawa. Mi nikisoma fanfiki nafanya vile vile, nomino naziacha kwanza naangalia zimepambwa na nini, kwa sababu mwandishi mjanja nomino anaijaza moshi ila kwenye kivumishi anajisahau, au anakuachia makusudi.

Sasa kuna mambo ambayo stori za upanga na joka haziwezi kukupa, za anga zinaweza. Chukua utabiri unaotaja jicho jekundu lisilofumba. Msomaji anawaza mungu, au kamera, na vyote vinawezekana. Lakini nyota vibete nyekundu, yaani nyota ndogo zenye mwanga mwekundu, zipo kweli, na sayari iliyo karibu sana na nyota kama hiyo inaweza kufungwa upande mmoja ukawa unaitazama nyota muda wote, kwa hiyo kule haichwei kabisa. Sasa mtu wa upande wa mchana akisema "fuateni jicho lisilofumba" anaelekeza njia tu bana! Aliyezaliwa upande wa gizani akisikia maneno hayo hayo anajenga dini.

Au nyota ikizimika mfalme ataanguka. Nyota ipi, na iko umbali gani? Kama iko miaka ya mwanga 400, yaani mwanga wake unachukua miaka 400 kufika, siku makuhani wanaiona inazimika yenyewe ilishazimika miaka 400 nyuma, na hata ile jirani yetu kabisa baada ya jua, Proxima Centauri, tunaiona ilivyokuwa miaka 4 na kidogo iliyopita. Halafu mpe mtu mmoja meli inayopita kasi ya mwanga, huyo ameshaenda ameshaona giza karudi, anajua tarehe ambayo hekalu zima haliijui, anaweza kukaa sokoni akajiita nabii na kila kitu kikatokea. Kwa hiyo kwenye stori za namna hii mi lazima niulize kama kuna mashine, umbali au mtu mwenye taarifa mapema nyuma ya muujiza. Ukiikuta mashine usishangilie sana lakini, waandishi wazuri wanaiacha mashine ifanye kazi na uchawi pia ubaki.

Alama zinazojirudia sitazisema sana, rudi nyuma uone ilionekana wapi na nani alikuwepo. Na tofautisha alama ya kanoni, yaani ya kazi yenyewe ya asili, na alama aliyoileta mwandishi wa fanfiki, kunguru wa kanoni anaweza kuwa kifo na kwenye hii stori akawa posta tu.

Kitu kingine watu wanakisahau, fanfiki nyingi zinatoka chapta kwa chapta. Utabiri wa chapta ya kwanza mara nyingi umeandikwa mwandishi mwenyewe hajui mwisho, kwa hiyo mstari ukigoma kabisa kuingia usijilaumu. Soma tegi pia, yale maneno ya utambulisho mwandishi anayoyabandika kwenye stori. Pale AO3, tovuti ya kuwekea fanfiki, kuna onyo la kifo cha mhusika mkuu, na kuna chaguo la mwandishi kukataa kutumia maonyo. Utabiri ukisema atalala chini ya jua la pili na onyo la kifo limewekwa, haya, lipe uzito. Akichagua kukataa ujue hajakuahidi chochote.

Na kama we ndiye unayeandika, andika kwanza maana mbili pembeni, ile wahusika wanayoiamini na ile itakayotokea, halafu pitisha kila neno kwenye zote mbili. Neno linalofaa moja tu litoe. Mhusika anayeamini ile ya kwanza mpe sababu ya kuitaka iwe hivyo, na sababu hiyo ionekane kabla ya utabiri wenyewe, hata kwa sentensi moja kwenye mazungumzo ya kawaida, ili msomaji akirudi aikute ipo.