Jibu: Upike nini Septemba 24 kwa wageni wa Afrika Kusini

Dada, umeuliza uwaandalie nini wageni wako Siku ya Urithi, sikukuu ya Afrika Kusini ya Septemba 24, zaidi ya nyama choma. Ningeanza na umngqusho, chakula cha Waxhosa ambacho Mandela alikipenda sana. Kwa mpishi wa Tanzania hakina ugeni, ni ndugu wa makande: mahindi yaliyokobolewa na kupasuliwa, pamoja na maharage. Loweka vyote usiku kucha, kisha bandika asubuhi na mapema kwa moto mdogo, maana yanataka saa mbili hadi tatu. Chumvi tia mwishoni. Yakishalainika weka kitunguu kilichokaangwa na siagi kidogo, ukoroge hadi rojo liwe zito. Usijaze viungo, utamu wake uko kwenye mahindi yenyewe.

Pembeni weka chakalaka, yaani karoti, pilipili hoho, nyanya, bizari na pilipili kali, na mboga za majani wanazoziita morogo. Wazulu wakiwepo, songa uphuthu, ugali wa chengachenga unaoliwa na maziwa mgando.

Kuhusu nyama choma, si kosa kuiweka. Kampeni ya kuifanya siku hiyo kuwa ya kuchoma nyama ilianza 2005, na Askofu Tutu akawa mlezi wake. Lakini KwaZulu-Natal, jimbo la Wazulu, tarehe hiyo ilikuwa ya kumkumbuka Mfalme Shaka wao kabla haijawa sikukuu ya taifa zima, na mimi naona vyakula vya bibi zao vinastahili kutangulia mezani. Waulize pia kwao ni wapi. Mtu wa Cape Town huenda akatamani bobotie, nyama ya kusaga yenye viungo inayookwa ikiwa na mchanganyiko wa mayai juu.