Usibonyeze "chapisha" kabla hujasoma masharti ya tuzo

Mkuu, simama hapo hapo. Usiguse kitu.

Umeuliza mambo manne: tuzo ipi ya riwaya za upelelezi ikufae, muhtasari uandikwe vipi, kama jina la kalamu linaruhusiwa, na kama majaji watachoka iwapo maiti haionekani hadi sura ya tatu. Maswali mazuri. Lakini katikati yake umepitisha sentensi moja kana kwamba si kitu: kwamba wiki hii unaiweka riwaya kwenye duka la vitabu la mtandaoni "ipate wasomaji kidogo", na mwezi ujao unaipeleka kwenye shindano la waandishi wapya, kwa kuwa kuna mshauri amekuambia majaji hupenda kitabu ambacho tayari kina wasomaji.

Ushauri wa aina hiyo naujua. Nilipewa na mimi na mshauri wangu, na ndio ulionitoa shindanoni nikiwa nimeshaingia orodha ndefu, yaani ya waliovuka mchujo wa kwanza.

Nilikuwa na muswada nilioufanyia kazi miaka minne. Mpelelezi wangu alikuwa mama mstaafu aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye maabara ya alama za vidole, na hata leo naamini ule ndio mwanzo bora niliowahi kuandika. Nikampata mtu anayejiita mshauri wa uchapishaji. Alikuwa na kifurushi kamili: uhariri, jalada, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu), kitabu cha kielektroniki, na nakala za karatasi zinazochapwa kadiri watu wanavyoagiza. Kabla ya kulipa nilimuuliza swali moja, na barua pepe yake ninayo mpaka leo: nikitoa kitabu kwa njia hii, nitaweza bado kushindania tuzo za wasiochapishwa? Akanijibu kwamba kujichapishia hakuhesabiwi kuwa ni kuchapishwa, kwamba kuchapishwa ni pale unaposaini mkataba na kampuni kubwa. Nikamwamini. Nikalipa mishahara ya miezi miwili.

Ziliuzwa nakala 41. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana mbele ya hapo hapachekeshi.

Miezi sita baadaye shindano likafunguliwa. Walitaka mwanzo wa riwaya na muhtasari, nikatuma. Mwishoni mwa fomu palikuwa na tamko kwamba kazi hii haijachapishwa kwa namna yoyote. Mkono wangu ulisita pale, nakiri. Nikakumbuka jibu la mshauri, nikatia alama. Wiki kadhaa zikapita, kisha ikaja barua pepe: nimo kwenye orodha ndefu. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaisoma tena kwa sauti, nikampigia mama simu nikamsomea na yeye. Alilia.

Barua ya pili ilikuja baada ya siku tisa. Walikuwa wanahakiki sifa za washiriki kabla ya kutangaza orodha fupi. Ndani waliweka kiungo cha ukurasa wa kitabu changu dukani, chenye jalada, jina langu na tarehe ya kutoka. Swali lilikuwa moja tu: je, hii ndiyo kazi uliyotuletea?

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu najua nawe utajaribiwa kufanya hivyo hivyo. Kabla sijajibu nilikimbilia kukiondoa kitabu dukani. Ndani ya dakika kumi ukurasa ukaandika "hakipatikani". Nikadhani nimejiokoa. Wapi! ISBN ilibaki kwenye kumbukumbu, tarehe ilibaki, maoni ya wasomaji wawili yalibaki, na mtu aliyekinunua anacho. Kitabu kikishatoka kimetoka, unaweza kuacha kukiuza lakini huwezi kukifanya kisiwe kimewahi kuuzwa. Nikawajibu ukweli. Wakaniondoa kwa barua ya upole sana, wakaninukulia kifungu. Kilikuwa cha pili kutoka juu kwenye masharti yao. Cha pili! Sikuwahi kushuka hadi hapo kwa sababu nilikuwa na mshauri wa kunisomea.

Na hasara haikuishia hapo. Watu hudhani thamani ya tuzo za wasiochapishwa ni zile hela. Hela kwa kawaida si nyingi. Thamani ni kwamba mawakala, wale wanaowatafutia waandishi wachapishaji, na wahariri huzipitia zile orodha kutafuta watu. Kabla sijaondolewa, wakala mmoja alikuwa ameniandikia akiomba muswada mzima. Nilipomweleza kwamba kitabu kilishatoka, akasema anasikitika, lakini kwa riwaya hiyo hana cha kumuuzia mchapishaji, labda nikiwa na nyingine. Miaka minne ya kazi, na mlango ulioniletea mtu hadi barazani nikaufunga mwenyewe kwa kitufe kimoja.

Nikamrudia mshauri. Unajua alinijibu nini? "Kila tuzo ina masharti yake." Hilo ndilo jibu alilopaswa kunipa siku ya kwanza, bure, kabla hajachukua hela yangu! Alilijua. Halafu akaniuzia kifurushi cha pili: angeniingiza kwenye tuzo nyingine ambayo "haina matatizo hayo". Nikaenda kuiangalia. Ada unalipa kwa kila kipengele, vipengele ni vingi mno, majaji hawatajwi popote, na ukishinda unauziwa vibandiko vya dhahabu vya kubandika kwenye jalada. Ile ni biashara ya vibandiko. Ukiona tuzo haitaji majaji wake, halafu inakuuzia nishani yako mwenyewe, toka mbio.

Nilichojifunza baadaye, kwa kusoma mwenyewe usiku baada ya usiku, ni kwamba hizi tuzo haziko kundi moja, na mshauri wako anazichanganya kama wangu alivyozichanganya. Kuna za vitabu vilivyokwisha kutoka. Gold Dagger ya Uingereza ni ya aina hiyo. Inatolewa na Crime Writers' Association, chama alichokianzisha John Creasey mwaka 1953, na tuzo yenyewe ilianza 1955 ikiwa na jina jingine kabla ya kuitwa Gold Dagger. Edgar za Marekani pia ni za vitabu vilivyotoka ndani ya mwaka husika. Zinatolewa na Mystery Writers of America, zimepewa jina la Edgar Allan Poe, na mshindi hukabidhiwa sanamu ndogo ya kichwa chake. Huko kitabu kuwa kimetoka ndiyo sharti lenyewe.

Halafu kuna za miswada, na huku ndiko unakotaka kwenda wewe. Chama kile kile cha Uingereza kina shindano lililojulikana kwa miaka mingi kama Debut Dagger: unatuma mwanzo wa riwaya usiozidi maneno 3,000 pamoja na muhtasari, na ni la watu ambao bado hawajaingia sokoni. Chama hicho hicho kina tuzo nyingine yenye jina la John Creasey, nayo ni ya riwaya ya kwanza ya mwandishi, ila riwaya ambayo tayari imechapishwa. Umeona mtego? Zote mbili watu huziita "tuzo ya mwandishi mpya". Moja inataka kitabu kiwe kimetoka, nyingine inataka kisiwe kimetoka. Mtu aliyesoma kichwa cha habari tu atakupeleka mlango usio wako, na hatakuwepo siku unafukuzwa.

Nenda Japani ukaone wao. Tuzo ya Edogawa Rampo, iliyoanzishwa 1954, kwa miongo mingi imekuwa ikitolewa kwa muswada usiochapishwa, na ushindi wenyewe ni kitabu chako kuchapishwa na Kodansha, kampuni ya uchapishaji ya huko. Sasa wewe umpe mchapishaji zawadi ya kuchapisha kitu ambacho umeshakichapisha, atafanya nacho nini?

Na hata kwenye miswada, masharti yanatofautiana. Shindano la riwaya ya kwanza ya uhalifu ambalo wachapishaji Minotaur Books waliliendesha pamoja na Mystery Writers of America, lenye malipo ya awali ya dola 10,000, lilimkubali mtu aliyejichapishia kitabu, mradi muswada anaouleta si kile kitabu. Ningelijua hilo mapema, ningeandika riwaya nyingine na kuipeleka huko. Wengine hawakutaki kabisa ukiwa umewahi kujichapishia riwaya yoyote ndani ya miaka fulani. Edgar ya riwaya ya kwanza ni ya mwandishi Mmarekani tu, kwa hiyo kama wewe si Mmarekani usiipotezee hata jioni moja. Hakuna kanuni ya jumla ambayo mshauri anaweza kukuambia kwa sentensi moja. Akikuambia kwa sentensi moja, ujue hajasoma.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na ndivyo ninavyokuomba ufanye. Masharti kwanza, kitufe baadaye. Fungua ukurasa wa shindano lenyewe, wa mwaka huu, usisome makala ya mtu aliyelieleza. Tafuta namna wanavyoeleza neno "kuchapishwa". Angalia kama wanataja kujichapishia, vitabu vya kielektroniki, blogu, na programu za kusomea hadithi sura kwa sura. Kama sura zako tano ziko kwenye blogu, hilo nalo ni swali. Usipoelewa, waandikie waandaaji. Mimi niliogopa kwamba kuuliza kutanifanya nionekane mshamba. Baadaye niliwaandikia watu wa shindano jingine nikajibiwa kesho yake kwa mistari mitatu iliyonyooka. Jibu lao lihifadhi. La mshauri halina uzito wowote mbele ya majaji, hata akiwa na mhuri.

Muhtasari: sema muuaji ni nani. Usimalizie na "je, atakamatwa?" Jaji anataka kujua kama unajua kufungua mafundo uliyoyafunga, na watu wengi huangukia hapo. Jina la kalamu, masharti hayo hayo yatakuambia. Hilo la nne, la maiti, nitalirudia tukishamaliza hili.

Umesema ni wiki hii lakini hukusema siku. Kama bado hujabonyeza kitufe, kiache, halafu andika hapa chini jina la shindano unalolilenga. Nitafungua masharti yao usiku huu tuyasome pamoja, kifungu kwa kifungu. Na kama umeshabonyeza, niambie lini na riwaya ipi, tuangalie ni milango gani bado iko wazi kwa muswada wako wa pili.