Maswali Yenu: Boti, Hema na Kuogelea Kwenye Ziwa la Bwawa

Ndugu wahariri, nilipokuwa naitoa boti ziwani, magurudumu ya trela yalitumbukia ghafla na ekseli ikanasa. Msimu uliopita niliitumia njia hiyohiyo ya zege ya kushushia boti bila tatizo. Je, zege limevunjika?

Ndugu msomaji, yaelekea zege ni zima, ila umelipita. Maji ya ziwa la bwawa hupanda na kushuka kwa kadiri yanavyofunguliwa kwa ajili ya umeme au umwagiliaji, na kupungua kwa mita kadhaa ndani ya msimu mmoja ni jambo la kawaida. Yakishuka, trela hurudi nyuma zaidi na zaidi mpaka zege linapoishia. Hapo mwishoni mara nyingi pana shimo, na wanaolichimba ni wenye boti wenyewe. Mtu anapoipandisha boti kwenye trela kwa nguvu ya injini, propela husukuma maji kwa kishindo na kuzoa changarawe. Nyuma ya shimo huota tuta, nalo huja kuvunja propela ya mwingine. Tunawasihi: boti ipandishwe kwa winchi, injini ikiwa imezimwa na kuinuliwa.

Kabla ya kurudisha trela, chukua ufito wa mita 2 au zaidi upapase chini ukiwa gatini. Kwenye zege ufito hugota kwa ukavu. Kwenye tope huzama, na kwenye changarawe hukwaruza. Ukishaujua mwisho wa zege, weka alama pembeni inayoonekana kutoka kwenye usukani. Kama boti haijaanza kuelea magurudumu yanapokaribia alama hiyo, acha. Tafuta njia nyingine ndefu zaidi. Maziwa mengi makubwa ya aina hii huwa na njia maalumu ya kutumika maji yakiwa machache.

Maandalizi yafanyike kabla hujafika kwenye mteremko. Funga kizibo cha tundu la kutolea maji (hiki ndicho husahauliwa kuliko vyote), fungua mikanda ya nyuma, chomoa waya wa taa za trela. Magurudumu nayo yaachwe yapoe: beringi za moto zikiingia maji ya baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, na kutu huanzia hapo. Mkanda wa winchi usiufungue mpaka tezi (nyuma ya boti) ielee. Njia nyingi zimeinama kwa asilimia 12 hadi 15, na boti iliyokaa juu ya rola itaserereka yenyewe mpaka kwenye zege. Abiria washuke garini, breki ya mkono ivutwe, na kabari iwekwe kwenye gurudumu.

Nanga zangu zinanasa chini na hulazimika kukata kamba. Nifanyeje?

Chini yako pana msitu. Bonde linapojazwa maji, miti mara nyingi huachwa imesimama: ziwa Volta nchini Ghana, lililotokana na bwawa la Akosombo la mwaka 1965, lina miti mingi ya namna hiyo, na ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilifyekwa sehemu tu kabla ya kujaa. Samaki hupenda kujificha humo, ndiyo maana wavuvi nao huenda humohumo.

Funga kamba ya pili, nyembamba, kwenye kichwa cha nanga, yaani pale mikono yake inapokutana. Urefu wake uzidi kina kidogo, na ncha ya juu iwe na boya dogo. Nanga ikinasa, vuta kamba hiyo; itatoka kinyumenyume kwa njia iliyoingilia. Kamba kuu iwe na urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina, nayo ifungwe omo (mbele ya boti). Kamwe usiifunge tezi, wala usijaribu kuing'oa nanga iliyonasa kwa kamba iliyofungwa huko: tezi imekwisha kulemewa na injini, na kamba ikikaza, maji huingia kwa mkupuo mmoja. Na usifunge boti kwenye miti mikavu iliyochomoza majini. Matawi yake huanguka bila dalili, hata pasipo upepo.

Tulipiga hema kwenye mchanga mzuri, hatua chache kutoka majini. Alfajiri maji yalikuwa mlangoni, na mvua haikunyesha.

Mchanga huo ni sakafu ya ziwa. Pengine mvua ilinyesha mbali, kwenye mito inayoingia ziwani. Tafuta mstari wa vijiti, magugu makavu na chupa zilizosukumwa na maji. Kwenye miamba tafuta utepe wa rangi iliyopauka, kama ule mweupe wa madini unaoonekana kwa mbali kando ya ziwa Mead nchini Marekani. Hema likae juu ya alama hiyo, mbali na midomo ya vijito. Pasipo na choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye mstari huo. Ukipima kutoka ukingo wa maji wa leo, shimo lako litakuja kuwa ziwani.

Je, ni salama watoto kuogelea nyuma ya boti huku jenereta inanguruma?

Hapana. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hujikusanya hasa hapo nyuma, chini ya jukwaa la kuogelea. Zima injini na jenereta kwanza, ndipo mtu aingie majini.

Tuogelee wapi? Na kichocho je?

Palipotengwa kwa waogeleaji, mbali na ukuta wa bwawa. Milango inayovuta maji iko chini, kwa hiyo juu unaweza kuona utulivu huku mvuto ukiwa mkali. Maboya yaliyopangwa mbele ya ukuta yasivukwe hata kwa mtumbwi. Usijitupe kichwa mbele, hata mahali ulipopiga mbizi wiki iliyopita, maana mwamba uliokuwa kina cha mita 3 huenda sasa uko mita 1.

Maji yakiwa kama rangi ya kijani iliyomwagwa, huenda ni mwani wenye sumu. Msiingie, na mbwa wasinywe.

Kichocho hupatikana zaidi nchi za joto. Konokono wake hupenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye magugu, na mabwawa huwapa ukingo mrefu wa kuishi. Kandokando ya Volta ugonjwa huo uliongezeka sana ziwa lilipojaa. Kujifuta upesi kwa taulo si kinga ya kutegemea. Ukiwa umeoga kwenye maji ya namna hiyo, pima damu wiki 6 hadi 8 baadaye, kwani ukipima mapema mno majibu yanaweza kuonyesha huna. Ukikutwa nacho, tiba yake ni praziquantel, na kipimo cha dawa hufuata uzito wa mwili.