Gigahazi 60, mvua ya Novemba na tawi la mwembe

Kama unataka kurusha mechi mubashara kutoka Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hapa Tabora bila kuvuta waya juu ya barabara, usiiamini mitambo ya redio ya masafa ya gigahazi 60, inayopeleka picha hewani kutoka dishi hadi dishi, mpaka uione ikifanya kazi kwenye mvua. Mimi niliifunga Agosti, anga jeupe, nikaridhika mapema mno.

Kutoka jukwaani hadi paa la studio yetu ni kama mita 700. Picha ilifika jinsi ilivyotoka kwenye kamera, bila kubanwa. Ndiyo raha ya masafa haya: picha ya HD isiyobanwa hula gigabiti 1.485 kwa sekunde, na huko juu nafasi ni tele.

Novemba mvua ilitukuta kipindi cha pili. Vidoa vyeupe vilianza kuchezacheza juu ya nyasi, ikafuata mistari, kisha skrini ikawa nyeusi, mtangazaji akiendelea kuita majina ya wachezaji. Niliumia sana, maana watu walikuwa wametuamini.

Wimbi la gigahazi 60 lina urefu wa milimita 5 tu, hivyo matone ya mvua yanalimeza na kulitawanya. Hata kiangazi, oksijeni ya hewani peke yake hulipunguza kwa takribani desibeli 15 kila kilomita. Kwa hiyo pima umbali wako kwanza, halafu acha akiba kubwa ya nguvu kwa ajili ya mvua. Kwetu akiba ilikuwa ndogo.

Mlingoti nao usiwe wa kubahatisha. Mwale ni mwembamba: dishi likigeuka digrii moja, kwa mita 700 umekwenda pembeni mita 12.

Desemba picha ikaanza kukatika hata jua likiwaka. Nilipanda juu ya paa na darubini, nikaona tawi la mwembe limeinama kwa uzito wa embe mpaka limeingia njiani. Nikaenda kwa mwenye mti.

"Shikamoo mama. Naomba nipunguze tawi lile."

"Marahaba mwanangu. Ziive kwanza."

Alikuwa na haki. Tukahamisha mlingoti mita mbili. Ukichagua njia, basi, usiangalie miti ilivyo leo tu. Ifikirie ikiwa na majani mapya na matunda.

Sasa tunafunga njia mbili. Ya pili ni ya gigahazi 5, ambayo mvua haiisumbui sana, lakini haibebi picha isiyobanwa. Tunapitisha kwanza kwenye enkoda, kifaa kinachobana picha, tunatuma megabiti 8 kwa sekunde. Picha inachelewa kidogo, kwa hiyo sauti ya mtangazaji ipite kwenye enkoda hiyohiyo, la sivyo midomo na maneno vitaachana. Ijaribu uwanja ukiwa umejaa. Masafa haya ni ya wote, simu na vifaa vya Wi-Fi vya jirani vinayatumia, na ukiingiliwa huna wa kumlalamikia.

Kabla ya kununua, uliza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama kifaa kimeidhinishwa na masafa gani hasa yako huru. Na masafa kutohitaji leseni hakukuondolei leseni ya maudhui ya mtandaoni; hiyo inaombwa peke yake.